Mnauliza mtaa gani salama, hamuulizi jirani ni nani

Wiki hii maswali ya wizi hapa Mwanza yamekuwa mengi mno, kutoka Mabatini, Mahina, Igoma mpaka Kayenze huko. Najibu haya, mengine yanafanana.

Shikamoo kaka. Nahamia Mwanza kikazi mwezi ujao na familia, naomba unitajie mtaa ambao hauna wezi.

Marahaba. Hili swali naletewa kila wiki na kila wiki nasema sitaji mtaa, kwa sababu haupo. Mwaka 2012 Kamanda wa Polisi wa mkoa huu, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku pale Kitangiri. Kamanda wa mkoa. Sasa wewe unataka nikutajie mtaa ukalale mlango wazi?

Fanya hivi. Kabla hujampa dalali hela yake, nenda pale saa mbili usiku, shuka kituo ambacho mke wako atakuwa anashuka, tembea kwa mguu mpaka kwenye nyumba. Angalia kama kuna mama bado anakaanga samaki barazani, kuna duka liko wazi, kuna watoto wanatumwa. Mtaa wenye watu nje saa hiyo mwizi anaufikiria mara mbili, kuliko huo wenye mafensi marefu na mageti yamefungwa hamna anayemjua mwenzie. Halafu muulize mwenye duka, mara ya mwisho mtu kuvunjiwa hapa ilikuwa lini, na je watu walitoka? Hilo la kutoka ndo la maana. Kuna nyumba za mlimani, Igogo na Mabatini juu, njia ni ngazi za mawe tu na gari la polisi halifiki mlangoni, ila mtu akipiga kelele wanatoka nyumba nzima nzima. Na mwizi wa Mwanza hahangaiki kutafuta fatuma, lile jiwe kubwa la kuvunjia mlango, mawe yako kila mahali, huo mlango wa mbao ulioambiwa ni mninga usikupe usingizi.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, akiwa ziwani tunabaki mimi na watoto. Tumevuliwa simu dirishani mara mbili. Nifanye nini?

Pole sana mama. Umesema akiwa ziwani, na mimi nakuambia wezi wa mwaloni wanaijua hiyo kalenda vizuri. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki kwa taa, wanaume wako nyumbani. Giza likiingia mitumbwi yote inatoka, na nyumba zote zinabaki kama yako, kwa hiyo mtu na fimbo yake ya ndoano anapita dirisha kwa dirisha anavua simu na suruali. Hamisha kitanda na chaji mbali na dirisha. Weka wavu wa chuma wa matundu madogo kwa ndani ya nondo. Nondo zenyewe, kama ni zile nyembamba mlizochomelewa kwa bei rahisi, wanazipanua kwa jeki ya gari dakika mbili tu, ongezeni za kukatisha. Lakini kikubwa, nyie wanawake ambao waume zenu wako ziwani usiku huohuo, kubalianeni. Nunueni filimbi, moja kila nyumba. Mmoja akipuliza wote mnapuliza na kuwasha taa, hamna kutoka mmojammoja. Wazee wetu walikuwa na mwano, yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinainuka, na sungusungu walivyoanza Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe walitegemea mwano huohuo. Hawakuwa na kamera.

Nimepata simu kali kwa elfu hamsini, haina boksi wala risiti. Kuna shida?

Shida ipo na wewe unaijua, ndo maana umeuliza. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na ukikutwa na kitu kilichoibiwa juzi ukashindwa kueleza umekipataje, mahakama inaweza kukuchukulia wewe ndo mwizi wenyewe. Kama mwenye simu alikabwa kwa panga, hiyo ni kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Mimi mwaka juzi nilivunjiwa, wakabeba redio na mtungi wa gesi. Mtungi ule mwanangu aliwahi kuumwagia rangi ya kijani kwenye kitako, doa kama la kiganja hivi. Siku ya nne nimeingia kwa jirani, nyumba ya sita kutoka kwangu, naukuta jikoni, doa lile lile. Ananiambia kauziwa elfu kumi na tano na kijana hamjui. Mtu tunasali naye! Kijana angekosa mnunuzi wa elfu kumi na tano angeupeleka wapi? Mnalalamika vibaka wamezidi halafu jioni mnanunua vitu kwa vibaka. Piga *#06# leo, andika IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yako, kwenye daftari, na simu isiyo na risiti rudisha.

Mwenyekiti anachangisha elfu mbili kila mwezi ya ulinzi shirikishi. Lazima nilipe?

Lipa. Ila dai risiti, na dai majina ya walinzi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano ambao hujawahi kwenda.

Tukimkamata mwizi tukimpeleka polisi kesho tunamuona mtaani. Si bora tummalize wenyewe?

Hapana. Hapana kabisa. Mkimuua hayo ni mauaji, kesi inaenda Mahakama Kuu na adhabu yake ni kunyongwa, na lile kundi la watu mia halitasimama na wewe kizimbani. Nikiwa nakaa Igogo niliona kijana anapigwa usiku, kisa kagonga mlango usio wake. Alikuwa katoka Ukerewe na meli ya jioni, anatafuta kwa shangazi yake, na mfuko wa machungwa mkononi. Machungwa yalitawanyika mpaka mtaroni. Shangazi mwenyewe ndo alikuja kumtambua, jicho moja lilikuwa limeshapasuka.

Na anayeonekana mtaani kesho yake ana dhamana, ni haki yake kisheria kama kosa lake linadhaminika, na ni bure. Anayeachiwa moja kwa moja mara nyingi ni kwa sababu hamna aliyeenda kuandika maelezo. Mnamfikisha kituoni watu thelathini, siku ya ushahidi hatokei hata mmoja. Mkamate, mpeleke hapohapo, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, kama umejeruhiwa chukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na ukiitwa mahakamani nenda.

Namba ya polisi ya dharura?

112, ni bure. Isevu na ya mkaguzi wa kata yako, na ya jirani wa kushoto na wa kulia, hao ndo watafika kwanza.