Nyuma ya Spika: Fundi Anajibu Barua

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nusu yake ni za watu wanaotaka niwatengenezee redio kwa maelezo ya karatasi. Haiwezekani, jamani, redio lazima niishike. Nimechagua nne zinazohusu muziki wenyewe. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi redio na spika, kibanda changu kipo Kariakoo, nalala Magomeni, na tangu ujana Jumamosi yangu huishia mbele ya bendi.

*Shikamoo Fundi. Baba yangu alifariki mwaka juzi akaniachia sanduku la kaseti, karibu zote za dansi. Nimezisikiliza mpaka nimezikariri. Mwezi uliopita nikasema ngoja niende nikaisikie bendi yenyewe. Nililipa kiingilio elfu kumi, nikakaa kuanzia saa tatu. Wimbo aliokuwa akiupenda baba ulipigwa saa saba kasoro. Mwimbaji si yule wa kwenye kaseti, maneno mengine yamebadilishwa, halafu katikati wakaanza kutaja majina ya watu waliomo ukumbini. Wimbo wa dakika saba ukachukua karibu robo saa. Nilirudi nyumbani nimenuna. Ile ni bendi ileile au limebaki jina tu? — Kijana wa Tabata*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Kwanza hizo kaseti. Ukisikiliza vizuri mwanzoni mwa nyimbo utasikia sauti ya mtangazaji imekatwa ghafla, na mwishoni labda kipande cha tangazo la vifo. Maana yake mzee alikaa na kidole juu ya kitufe akairekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kama tulivyofanya wote. Na redio nayo iliupataje wimbo? Maneno yalipitiwa kwanza na kamati, kisha bendi nzima ikaingia studio kule Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere, wakapiga wote kwa pamoja. Tarumbeta akikosea, mnaanza upya. Kwa hiyo ulichokariri wewe ni namna wimbo ulivyotoka mchana mmoja, wanamuziki wakiwa hawana mtu wa kumchezesha, wanaangalia taa nyekundu. Jumamosi yake waliupiga ukumbini kwa namna nyingine, na baba yako alikuwepo. Au alikuwa nje ya ukuta anasikiliza bure, maana na hilo tulilifanya.

Urefu je? Waulize wenye santuri ndogo. Upande wa kwanza ulibeba mashairi, kisa chote cha mke aliyekimbia au rafiki msaliti, halafu unageuza upande wa pili ndipo unakuta chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Muziki ulikatwa katikati kwa sababu sahani haikutosha. Ukumbini hakuna kugeuza sahani. Chemko likikolea na watu wamejaa sakafuni, kiongozi wa bendi akilikata atakuwa mjinga.

Kuhusu mwimbaji, hesabu mwenyewe. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma: majina manne, bendi moja. Bendi nyingine, Mlimani Park, ilianza 1978 na kuingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Waimbaji wa Msondo nao: TX Moshi William alitutoka 2006, Muhidin Gurumo 2014. Ulitaka nani aimbe? Na hata walipokuwa hai, walihama. Gurumo huyohuyo alitoka Msondo akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Mtu anarekodi wimbo Jumatano, mwezi ujao yupo kwa wapinzani, na wimbo wake umebaki nyuma unaimbwa na aliyekaa pale. Sisi mashabiki tulizira wiki mbili, kisha tukamzoea mpya. Wimbo wa bendi ni kama nyumba ya urithi, aliyemo ndani anabadilisha mapazia.

Majina ndiyo yaliyokuudhi zaidi, naona. Zamani bendi nyingi zilikuwa za taasisi: chama cha wafanyakazi, shirika la bima, Polisi, JKT, Magereza. Vyombo vya taasisi, mshahara wa taasisi. Siku hizi vyombo vingi ni vya bendi yenyewe au vya kukodi, na kinachopatikana mlangoni kinagawanywa kwa watu kumi na tano baada ya mwenye ukumbi kuchukua chake. Yule anayetajwa jina ndiye aliyepanda jukwaani kubandika noti kwenye paji la uso wa mwimbaji. Hapo umesikia nauli ya mpiga tumba ikiimbwa. Nakubali wapo wanaozidisha. Kuna mwimbaji mmoja hutaja mpaka namba za magari.

Sasa nikusimulie kitu nilichokiona Jumapili moja, bonanza la jioni, ukumbi nusu. Katikati ya wimbo waya wa gita la solo ukakatika, ule mwembamba kabisa. Ulilia *tang*, nikageuka. Hakuna mwingine aliyegeuka. Mpiga ridhimu hakumwangalia hata mwenzake, alipanda juu kidogo akashika ile njia ya solo nusu nusu, besi ikajaza pale palipobaki wazi. Mwimbaji alikuwa amefika mwisho wa ubeti, akaurudia, na safari hii akautia maneno ya kumtania mhudumu aliyeangusha chupa. Watu wakacheka. Kule nyuma mwenye gita amechuchumaa, meno yamebana ncha ya waya, mkono unazungusha ufunguo. Halafu, hapa ndipo nilipoacha kinywaji changu, akainua gita akaegemeza kichwa cha gita kwenye taya lake. Kelele zote zile, sikio halisaidii kitu, alikuwa anautafuta ulinganifu wa waya kwa mfupa. Akainuka, akaingia mwanzoni mwa chemko kama vile ndipo alipopangiwa kuingia. Ubeti ule wa chupa haumo kwenye kaseti yoyote, na Jumapili iliyofuata haukuimbwa.

Rudi. Nenda mapema, wanapopumzika msogelee mwimbaji, usimwendee wakati anakula. Mwambie wimbo na mwambie baba yako alikuwa nani na alikaa wapi. Elfu mbili ya heshima mkononi. Kisha kaa chini usikilize katikati pale watakapoanza kutaja majina.

Na kaseti zitoe kwenye sanduku sakafuni. Unyevu wa Dar unazila. Zisimamishe wima kwenye rafu mbali na jua, na ukiona utando mweupe kwenye mkanda usiiweke kwenye mashine, ilete kwangu.

*Fundi, nilikwenda tamasha la usiku Kinondoni, nikajipenyeza hadi mbele kabisa. Tangu hapo masikio yanalia kama kuna mbu. Leo siku ya nne. Rafiki zangu wanasema yatakoma yenyewe. — Msomaji wa Kigamboni*

Siku moja ningekubaliana na rafiki zako. Siku ya nne, panda kivuko uende kwa daktari wa masikio, pua na koo, na uende leo. Usitie mafuta ya nazi, usitie kitunguu, usichokonoe kwa ufunguo.

Nazungumza kama mhanga. Sikio langu la kushoto limekufa juu, yaani sauti nyembamba sizipati. Niligundua dukani. Mteja alirudisha redio akidai inazomea, mimi nikaiwasha mbele yake nikamwambia, ndugu, hii iko safi. Tukabishana. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye stuli anakula mhogo, akasema, “Babu, mbona inafanya ssss?” Nikageuza kichwa nikaweka sikio la kulia. Kweli, inafanya ssss. Nilirudisha pesa ya watu. Miaka yote ile nilikuwa nakaa meza moja, kushoto kwangu spika, kwa sababu meza hiyo ilikuwa karibu na wapiga tarumbeta.

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea mtikisiko, na vikifa havioti tena. Hesabu wanayotumia wataalamu wa usalama kazini ni hii: kelele ya desibeli 85, ambayo ni kama kusimama kando ya barabara yenye malori, unaweza kukaa nayo saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mbele ya spika za tamasha 100 ni kitu cha kawaida, nawe ulikaa mpaka alfajiri.

Safari ijayo rudi nyuma. Uwanjani, ukizidisha umbali wako na spika mara mbili sauti inashuka desibeli kama 6. Ndani ya ukumbi inashuka pungufu ya hapo kwa sababu kuta zinairudisha. Nunua vizibo vya masikio vya sponji, maduka ya vifaa vya ujenzi wanavyo, wenye mashine za kukata vyuma ndio wateja. Pamba haizibi kitu, inakufariji tu. Na kila nusu saa toka nje ukanunue mishikaki. Sehemu nzuri kuliko zote, kama hujui, ni kwa fundi mitambo: simama nyuma yake. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo pale alipo ndipo muziki unapokaa sawa.

*Shikamoo baba. Nina watoto wawili, nauza duka Mwenge. Mume wangu hapendi muziki lakini hanikatazi. Ni vibaya mwanamke kwenda bonanza la Jumapili peke yake? — Mama wa Mwenge*

Marahaba mwanangu. Si vibaya. Meza ya pembeni karibu na jukwaa mara nyingi hukaa wake na dada wa wanamuziki, wasalimie uombe kiti, hutasumbuliwa na mtu. Nauli ya kurudi iweke mbali na pesa ya soda. Bonanza huanza saa kumi, na saa mbili usiku mwendokasi bado upo. Huyo mume usimlazimishe kuja, watu wa hivyo huangalia saa kila baada ya wimbo na kukuharibia siku.

*Fundi, wewe mpenda muziki utanielewa au utanicheka. Nimepanga Mbagala, nyumba ya vyumba sita. Jirani wa ukuta amenunua sabufa. Singeli kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku, mtoto wangu ana miezi mitano. Nimeongea naye kwa upole, anapunguza siku moja, kesho yake anarudia. Singeli yenyewe wala siichukii. — Mama Mbagala*

Sikucheki. Ningekuwa mimi ningekwisha kuhama.

Njia ya serikali ipo: mjumbe kwanza, kisha mwenyekiti wa mtaa, na kelele za kupindukia ni jambo ambalo hata NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanaliangalia. Lakini mkishafikishana huko hamtaazimana tena chumvi, na ukuta ni uleule. Kabla ya hapo nenda kaichungulie hiyo sabufa.

Nasema hivyo kwa kuwa lilinikuta Magomeni. Kijana wa nyumba ya nyuma alikuwa anapiga singeli mpaka vikombe vyangu vinatembea kabatini. Muziki wenyewe una kasi ya kumkimbiza bodaboda, sasa fikiria na besi. Nikaenda na bisibisi mfukoni badala ya maneno. Nikamkuta sabufa ameiweka sakafuni, kwenye kona, imegusa ukuta. Kona inaongeza besi, na besi ndiyo inayopita ukutani, sauti nyembamba hubakia kwa mwenyewe. Tukaitoa kona, tukaipandisha juu ya kipande cha godoro kuukuu. Nafuu ikaonekana hapohapo.

Ila bado alikuwa anaifungulia mpaka mwisho, nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Mzee, maneno hayasikiki.” Nikafungua zile spika ndogo. Twita zote mbili, zile za kutoa sauti nyembamba, zimeungua, koili nyeusi kama mkaa. Kumbe maskini alikuwa anaongeza sauti amtafute mwimbaji, na mwimbaji hayupo, inaongezeka besi peke yake. Nikambadilishia zote mbili siku ya pili. Alinipa elfu tano na soda, na tangu siku ile hafikishi hata nusu.

Kwa hiyo mwombe jirani yako akuruhusu usikilize kwa karibu. Kama maneno hayatoki vizuri, mwambie ailete Kariakoo, nitamfanyia bei ya ujirani. Wangu yule sasa anasikika neno kwa neno kupitia dirishani, na jana nimegundua wimbo anaoupenda kuliko yote unamsema fundi redio aliyekimbia na sabufa ya mteja.