E6 kwenye AC ya vyumba vitatu: ushughulikie waya kabla hujanunua bodi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Nyumba yako iko Sahare, mashine moja ya nje inalisha vyumba vitatu, sebule na chumba chenu vinapoa vizuri, chumba cha watoto kinagoma na kuandika E6, na fundi ameshakwambia uagize bodi ya nje, yaani ile saketi inayoendesha mashine ya nje, kutoka Dar. Nakuomba hiyo hela usiitoe kwanza. Mimi ni fundi wa AC hapa hapa Tanga, na kosa hilo la kukimbilia bodi nimelifanya mwenyewe, katika nyumba ya mama mmoja aliyeniamini.

Kwa Gree, na kwa mashine nyingi za namna hiyo, E6 maana yake mashine ya ndani na ya nje hazisikilizani. Daikin huandika U4, LG huandika CH05. Namba haikwambii kilichoharibika ni kipi. Inakwambia tu kwamba mmoja ameuliza na jibu halikufika, na jibu linaweza kupotelea popote kati ya bodi mbili.

Kwenye mifumo mingi ya nyumbani, kutoka nje kwenda kila chumba kuna kebo yake yenye nyaya nne: waya wa moto, nyutro, waya wa ishara na ethi. Watu wengi hawajui kwamba ule waya wa ishara hauna njia yake ya kurudia. Unaazima nyutro ile ile ya umeme. Ndiyo maana fundi akigeuza moto na nyutro upande mmoja, mashine ya ndani inawaka taa, rimoti inaitika, feni inazunguka, lakini ishara haipiti na baada ya muda kosa linatokea. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa pia kwa aliyechoka kuvuta kebo akaichukulia mashine ya chumbani umeme wa soketi ya ukutani. Taa inawaka, mazungumzo hakuna.

Sasa nikusimulie ya Raskazone. Ilikuwa masika, nyumba ipo karibu kabisa na bahari, mashine ya nje imefungwa ukuta unaotazama maji. Chumba kimoja kilikuwa kinafanya kazi mchana wa jua, ikinyesha usiku kinakata. Nikachukua mita, nikaiweka kwenye ule upande unaolia waya ukiwa haujakatika, nikapima nyaya zote mwanzo hadi mwisho. Zote zikalia. Nikamwambia yule mama waya ni mzima, bodi ya nje imekufa. Akaagiza, ikaja kwa basi, nikaifunga. Siku mbili chumba kilipoa, kumbe siku hizo mbili mvua ilikuwa imepumzika. Usiku wa tatu ikanyesha, kosa likarudi vile vile.

Yule mama hakunigombeza. Alinitengea chai, akaniuliza, "Mwanangu, sasa tufanyeje?" Nilishindwa kumtazama.

Kesho yake nikaenda na kebo mpya, kipande kimoja kisicho na kiungo. Nikaianzia kwenye mashine ya nje, nikaipitisha dirishani, nikaiburuza sakafuni hadi chumbani, ile ya ukutani nikaiacha pembeni kabisa pande zote mbili. Usiku ule mvua ilipiga mpaka alfajiri na chumba kilipoa mpaka alfajiri. Tulipofungua jipsamu juu ya bafu tukakikuta kiungo: nyaya zimesokotwa kwa mkono, zikaviringishiwa tepu, na ndani shaba imegeuka kijani. Bodi ya zamani ilikuwa nzima. Gharama ya ile mpya nilimrudishia yule mama kwa awamu tatu.

Mita yangu haikunidanganya, niliiuliza swali lisilotosha. Ile sauti inatumia betri ndogo, na shaba iliyooza nusu bado inapitisha betri ndogo. Tena haisemi lolote kuhusu unyevu unaovujisha ishara kutoka waya mmoja kwenda wa pili, na hapa kwetu pwani, chumvi ikichanganyika na unyevu, uvujaji huo ndio ninaoukuta mara nyingi kuliko waya uliokatika.

Kwa hiyo kwako naanza na hili: vyumba viwili vinafanya kazi. Mashine ya nje inapata umeme, fyuzi yake ipo, na bodi yake kuu inajua kuongea. Vingegoma vyote vitatu ningetazama nje kwanza, na ningevitenganisha vyumba kimoja kimoja, maana kwenye baadhi ya mashine chumba kimoja chenye shoti kinazima vyote. Kikigoma kimoja, shaka yangu inakwenda kwenye kebo ya chumba hicho, kisha bodi ya ndani, na mwisho kabisa kile kipande cha bodi ya nje kinachohudumia chumba hicho.

Kabla ya kufungua kifuniko chochote, zima kwenye breka, usizime kwa rimoti. Hizi za inveta zina kapasita zinazobaki na volti zaidi ya 300 za DC hata baada ya umeme kukatwa. Subiri angalau dakika kumi, taa ya kwenye bodi izimike, kisha fundi apime ndipo aguse. Hili silifanyii mchezo hata nikiwa na haraka.

Akifungua nje, kwanza atumie macho. Huku kwetu mijusi wanapenda joto la boksi lile, na sisimizi wanajenga humo. Mjusi mmoja aliyekauka juu ya bodi anatosha kufanya shoti. Kisha avute kila waya kwenye terminali, pale nyaya zinapobanwa kwa skrubu, kwa mkono; uliolegea utamjia. Alinganishe namba au rangi za nje na za ndani, moja kwa moja, asiamini kwamba aliyefunga alifuata rangi.

Umeme ukirudishwa, apime chumbani kati ya moto na nyutro: iwe karibu na volti 230. Halafu aweke mita kwenye DC, apime kati ya nyutro na waya wa ishara. Kila kampuni ina kiwango chake, kwa hiyo asitafute namba kamili. Atazame kama kipimo kinapanda na kushuka. Kikicheza, kuna anayeongea. Kikisimama palepale bila kutikisika, iwe sifuri au juu, upande mmoja umenyamaza.

Hapo ndipo ile kebo ya sakafuni inapoingia. Ukiniuliza kipimo kimoja cha kufanya hata kama umeshindwa vingine vyote, ni hicho. Chumba kikiamka, tatizo lako ni waya, na bei yake ni ya kebo na siku moja ya kazi.

Kikigoma bado, kwenye mashine ya nje ahamishe kebo ya watoto kwa dakika chache kwenye terminali za sebule, na ya sebule kwenye za watoto, umeme ukiwa umezimwa wakati wa kubadilisha. Chumba cha watoto kikiendelea kuandika E6, bodi yake ya ndani ndiyo mgonjwa. Kikipona na kosa likahamia sebuleni, hapo nakubali, bodi ya nje ina kasoro. Akimaliza kutazama arudishe kila kebo mahali pake. Mabomba ya gesi hayakuhama, kwa hiyo akisahau, watoto watawasha AC yao na ubaridi uende sebuleni, barafu ijengeke na maji yaanze kudondoka ukutani. Nimeitwa kwenye nyumba za namna hiyo zaidi ya mara moja.

Akitaka kutumia mega, ile mita inayosukuma volti kubwa, kupima uvujaji, aitenganishe kebo pande zote mbili kwanza. Volti 500 za mega zikiingia kwenye bodi, utanunua bodi kweli.

Haya yote ni kwa mashine yenye kebo ya kila chumba. Kama yako ni ile mikubwa yenye nyaya mbili tu za ishara, P na Q, zinazotoka mashine hadi mashine, usimruhusu mtu akufuatishie maelezo yangu, kwa sababu umeme wa 230 ukigusa nyaya zile unaunguza bodi kadhaa kwa mpigo.

Ukibadilisha kebo, iwe kipande kimoja kisicho na kiungo, ndani ya bomba la plastiki, na pale inapoingia ukutani iachiwe tumbo linaloning'inia chini ya tundu ili maji ya mvua yadondokee nje yasifuate waya.

Fundi akipima, niandikie hapa mambo matatu: volti za moto na nyutro chumba cha watoto, ishara inacheza au imesimama, na kama kosa huja zaidi usiku au wakati wa mvua. Hilo la mwisho unaweza kunijibu hata sasa, watoto wenyewe watakuwa wanajua.