Kuandika jina la draiva kwenye /etc/modules hakutaifufua

Swali: Nina kifaa cha Wi-Fi cha USB chenye chipu ya Realtek RTL8821CU. Kilishika mtandao vizuri kwenye Ubuntu hadi niliposasisha mfumo. Fundi kaniambia niandike 8821cu ndani ya /etc/modules ili draiva ijipakie yenyewe. Nimeandika, nimewasha upya, bado. Nifanyeje?

Jibu: Futa huo mstari. /etc/modules haitengenezi draiva, inataja tu jina la moduli (faili ya draiva inayoingizwa kwenye kerneli, kiini cha mfumo) ya kupakiwa mashine inapowaka. Kusasisha kumeleta kerneli mpya, na moduli iliyojengwa mwanzo imebaki kwenye folda ya kerneli ya zamani. Kerneli mpya inatazama folda yake tu ndani ya /lib/modules, ile yenye namba unayoipata kwa amri ya uname -r. Andika modinfo 8821cu utaona haipo.

Ushauri huu nauona kila mara, na haumsaidii mtu. Ukichomeka kifaa, kerneli hutangaza kitambulisho chake (chako huanza na usb:v0BDApC811), udev (programu inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) inakitafuta kwenye modules.alias, orodha inayoandikwa na amri ya depmod kutokana na moduli zilizopo. Kikipatikana, moduli inapakiwa pamoja na zile inazozitegemea. Isipopakiwa, basi haipo, au haikitambui kifaa, au imekataliwa. Kuandika jina hakutibu hata moja kati ya hayo.

Anza na lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukikuta 0bda:1a2b badala ya 0bda:c811, kifaa bado kinajitambulisha kama CD ya draiva za Windows; kinahitaji usb-modeswitch, programu ya kukigeuza kiwe kifaa cha Wi-Fi. Kerneli 6.2 na kuendelea inakuja na moduli ya chipu hii, rtw88_8821cu. Chini ya hapo, sakinisha linux-headers (mafaili ya kujengea moduli) za kerneli yako, kisha jenga moduli kwa DKMS, programu ambayo huijenga upya kila kerneli inapobadilika. Modprobe, amri ya kupakia moduli, ikikujibu "Key was rejected by service", Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) imekataa moduli isiyo na saini inayoaminika: sajili ufunguo wa saini hiyo kwa amri ya mokutil. Usikubali kuambiwa uzime ulinzi.

Wabaya zaidi ni wanaonakili faili ya moduli (.ko) kutoka mashine nyingine. Wakikutana na "Invalid module format" wanakimbilia modprobe --force. Ujumbe ule ni kinga: moduli imejengwa kwa kerneli tofauti. Kerneli ikiruhusu kulazimishwa, moduli hiyo inaweza kuandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, mashine ikaganda au mafaili kwenye diski yakaharibika. Ukiletewa flashi ya "draiva zote", uliza kila moduli imejengwa kwa kerneli ipi. Asiyejua asiguse mashine yako.