Jibu: Nani anaimba mwishoni mwa The Shining?

Mkuu, umeuliza ule wimbo wa kizamani unaofunga filamu ya The Shining ni wa nani, na kama kweli mwimbaji alizaliwa Afrika. Kweli kabisa. Ni Al Bowlly, mzaliwa wa Maputo, enzi hizo ikiitwa Lourenço Marques. Baba Mgiriki, mama Mlebanoni. Alikulia Johannesburg na alikuwa kinyozi kabla muziki haujamchukua.

Wimbo ni Midnight, the Stars and You, aliorekodi London mwaka 1934 na okestra ya Ray Noble. Sikiliza kwa spika za masikioni: hapazi sauti, anaisogelea maikrofoni kama anayekunong'oneza. Zama zile mwimbaji alikuwa kama mgeni mwalikwa tu. Bendi inapiga weee, yeye anaimba kipande chake, kisha anarudi kukaa. Ndiyo maana jina lake lilipotea kirahisi (kwenye santuri nyingi hata hakuandikwa).

Mwaka 1937 alijaribu kuongoza bendi yake, Radio City Rhythm Makers. Haikudumu, koo nalo lilimsumbua hadi akafanyiwa upasuaji New York.

Kifo chake kinauma. Usiku wa Aprili 16, 1941 alipiga shoo High Wycombe, akapanda treni ya mwisho kurudi London. Alfajiri bomu la Wajerumani likalipuka nje ya nyumba aliyoishi, Duke Street. Akazikwa kaburi la pamoja, Hanwell, magharibi mwa London.

Ukitaka kumjua, anza na wimbo wake The Very Thought of You.