Mume Wangu Ameacha Kuomba

Mama wa watoto watatu kutoka Kayole, Nairobi, ameniandikia barua ndefu, nami nimeifupisha hivi:

"Shangazi, mume wangu ni mwashi. Miezi tisa iliyopita ubao wa jukwaa ulivunjika akiwa kwenye mjengo, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwajiri alilipa bili ya kwanza ya hospitali, kisha akanyamaza. Mimi nimeshikilia imani. Sikosi kesha la Jumatano wala la Ijumaa, Jumapili nashinda kanisani, na nimepanda mbegu ya shilingi 15,000 niliyokopa katika chama. Yeye amekuwa mgumu. Hataki kuombewa, na nikimwambia kwamba Mungu ana kusudi, hunijibu, 'Basi Mungu wako aje anigeuze.' Mama yake amekuja kutoka kijijini na maneno yake ni mengi. Mchungaji amefunuliwa kwamba kifungo hiki kimetoka kwa mama mkwe huyo. Wiki ambayo mama mkwe alikwenda matangani ndipo vidonda vya mgongoni vilipozidi, naye aliporudi akanilaumu mimi. Usiku humwimbia mwanawe tenzi za zamani naye huitikia, lakini akiwa nami hataki hata sala ya chakula. Nimechoka kubeba imani ya watu wawili. Nitampaje tumaini? Au je, Neno linaposema tusifungiwe nira pamoja na wasioamini, linasema nami?"

Binti yangu, pole. Kuona mtu aliyekuwa akibeba mifuko ya saruji akiwa hawezi hata kusimama si jambo dogo, na kwa kuwa hujatoroka mpaka leo nakupa heshima yako.

Sasa tuzungumze. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu sikuyafuata uliyotaka niyaone, bali yale uliyoyataja kama mtu anayepita njia. Mtu asiye na hisia kiunoni haamki usiku kujigeuza kama wewe na mimi tunavyojigeuza bila kujua, kwa hiyo mwili wake hugandamizwa mahali pamoja, damu haipiti vizuri, na ngozi huanza kufa kuanzia kwenye mifupa iliyojitokeza: makalioni, kwenye nyonga, kwenye visigino. Wauguzi hufundisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili. Ukienda kesha saa tatu usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, hizo ni zamu nne za kumgeuza. Zamu hizo huzifanya nani? Hukuniambia, lakini vidonda vimeniambia. Mama mkwe wako alipokuwapo, mgongo wa mwanawe ulistahimilika. Alipokwenda matangani kwa wiki moja tu, ukaoza. Ndiyo maana alikulaumu, nami nasema wazi kwamba alikuwa na haki ya kukulaumu.

Rudi basi kwenye yale maneno ya mumeo, "Mungu wako aje anigeuze." Wewe ulisikia kufuru, ukaenda kuomba moyo wake ugeuzwe. Mimi namsikia mtu aliyelalia upande mmoja tangu saa tatu usiku, ambaye ameona haya kumwomba mkewe jambo dogo kama hilo kwa sababu mkewe ameshajifunga kitambaa na kuchukua Biblia. Mgonjwa haulizwi uji, binti yangu, na wako alifika hadi kuuomba, ukamjibu kwa mahubiri.

Tena unasema ameikana imani, ilhali wewe mwenyewe umeandika kwamba mama yake akiimba tenzi yeye huitikia. Aliyeikana imani huitikia tenzi kwa ajili ya nani saa saba za usiku? Alichokikataa ni kuombewa kama mtu mwenye kosa. Katika kitabu cha Ayubu, rafiki watatu walipomkuta mwenzao ameketi majivuni walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Hilo ndilo jambo jema pekee walilofanya. Walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu za mateso yake, waliharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia wao na kusema kwamba Ayubu, yule aliyelalamika na kuuliza maswali makali, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Zaburi ya 88 nayo ni kilio mwanzo hadi mwisho, na inaishia gizani bila neno hata moja la kufariji, lakini waliokusanya maandiko hawakuthubutu kuitoa. Mwache mumeo alie mbele za Mungu wake.

Kuhusu huo ufunuo wa mchungaji, nitasema kwa ufupi kwa sababu unanikasirisha. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, naye akajibu kwamba si huyu wala wazazi wake. Na wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba ubao wa jukwaa ulivunjika. Huyo mama wa watu hakuwa fundi wa jukwaa. Zile shilingi 15,000 ulizopanda zilikuwa za godoro jipya na shuka za kubadilisha, na deni la chama bado ni lako.

Swali la nira nalo lina jibu lake, tena kutoka kwa mtume yuleyule. Paulo aliyewaandikia Wakorintho wasifungiwe nira pamoja na wasioamini ndiye aliyewaandikia katika barua ya kwanza kwamba mwanamke mwenye mume asiyeamini, ikiwa mume huyo anakubali kukaa naye, asimwache. Akamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa kipimo hicho, katika nyumba yenu ya Kayole, sijui ni nani aliye mashakani zaidi. Siku hizi harusi ya Nairobi huwa na kamati, mweka hazina, kikundi cha WhatsApp cha michango na mtu maalumu wa kuchagua rangi ya vitambaa vya mezani, lakini lile neno "katika afya na katika ugonjwa" husomwa haraka huku mpiga picha akiwaambia maharusi watazame kamera. Sijawahi kuona kamati inayoendelea kukutana baada ya ugonjwa kufika. Wanaobaki ni mke na mama mkwe, na ninyi wawili mnagombana.

Umeniuliza utampaje tumaini. Katika Warumi, Paulo anapanga ngazi: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti ndio huzaa tumaini. Wewe umeruka kutoka dhiki hadi tumaini kwa hatua moja, ndiyo maana umechoka. Mwaka 1844, mmishonari Ludwig Krapf alifika Mombasa, na miezi michache baadaye, mwezi wa Julai, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafariki, yeye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Kaburi la mkewe lipo upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, hadi leo. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na baada ya msiba aliirudia kazi hiyo. Sidhani kama aliwahi kuelezwa kwa nini walikufa. Alikuwa na kazi mbele yake, akaishika.

Kazi yako ni hii. Kwanza, vidonda hivyo vionwe na muuguzi au daktari wiki hii, kwa maana kidonda cha namna hiyo kikiingia uchafu kinaweza kuua mtu ambaye hata hasikii maumivu yake. Usikipake asali wala mafuta ya upako. Pili, nenda katika ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini ukaulizie madai ya mumeo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo watu huiita WIBA, inataka madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, nawe umeshatumia tisa ukisubiri muujiza. Inasema pia kwamba aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kabisa na daima anastahili mapato ya miezi 96. Hata kama hakuwa na barua ya ajira, nenda, na uwachukue mafundi wawili waliomwona akianguka. Sali njiani ukiwa ndani ya matatu; Mungu anasikia hata humo.

Makesha sikukatazi milele. Kwa sasa kesha lako liko nyumbani. Nabii Isaya aliwaambia waliokuwa wakifunga na kujitesa kwamba mfungo anaoutaka Bwana ni pamoja na kutojificha na mtu wa damu yako.

Mama mkwe mwombe radhi kwa maneno, tena mbele ya mwanawe, wala usimtumie mtoto akuombee. Kisha Ijumaa hii weka saa ya simu ilie saa nne usiku. Kunjeni shuka moja mara mbili na kuipitisha chini ya mgongo na makalio yake, wewe ushike upande mmoja, mama mkwe upande wa pili, mwambieni mnachotaka kufanya, mhesabu hadi tatu na kumgeuza bila kumburuta, halafu muweke mto katikati ya magoti yake. Tazama ngozi kwa tochi kabla ya kumfunika. Mama akianza kuimba usimkatize, na kama wimbo wenyewe unaujua, itikia.