Kuiga Mtandao kwa Skripti

Swali: Ndugu Mhariri, ninajifunza mitandao ya kompyuta nikiwa na kompyuta moja tu. Je, ninaweza kuiga mtandao mdogo kwa skripti, na nitajuaje kwamba matokeo ni sahihi?

Jibu: Unaweza. Mininet, programu huria ya Linux, huunda kompyuta pepe na swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta) kwa skripti fupi ya lugha ya Python, na kila kompyuta pepe huwa na anwani yake. Unganisha kompyuta mbili kwa swichi moja, kila kiungo ukikipa ucheleweshaji wa milisekunde 10, kisha utume ping, yaani ujumbe mfupi unaosubiri jibu kutoka kompyuta ya pili. Kwa kuwa ujumbe hupita viungo viwili ukienda na viwili ukirudi, jibu litachukua milisekunde 40 na ushei. Ping ya kwanza usiihesabu, maana hucheleweshwa na kompyuta inayoulizia kwanza anwani ya MAC (anwani ya kiunganishi cha mtandao) ya mwenzake. Nakusihi ukokotoe matarajio yako kabla ya kuendesha skripti, kwani hapo ndipo kujifunza kwenyewe kulipo. Jihadhari pia na kasi kubwa mno: kompyuta pepe zote hugawana kichakataji kimoja, hivyo kikizidiwa, utakuwa unapima uchovu wake, wala si mtandao.