Vitafunwa vya kuuza shuleni: upike au ukanunue kwa Mangi?

Jamani mwaka jana mwalimu alituma meseji kwenye grupu la wazazi, kila mtu alete kitafunwa kiuzwe, hela iende kwenye madawati. Mi nikajitutumua, yaani Tabora hii tunalala na asali ndani halafu mtu ubebe biskuti za katoni? Nikaamka saa tisa usiku kupika keki ya asali, sufuria kwenye mkaa na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Asali nikaiweka kikombe kwa kikombe kama sukari, kumbe inawahi kuungua na ina maji yake. Juu nyeusi tii, katikati uji. Saa moja kasoro nipo kwa Mangi nanunua biskuti.

Sa nilichojifunza ni hiki. Badala ya kikombe cha sukari weka robo tatu kikombe ya asali, maziwa upunguze, na mkaa wa juu uwe kiduchu. Ila ya kuuza shuleni wala usihangaike na keki, inataka kisu, inamomonyoka, na mtoto kashika mia mbili yake mkononi. Peleka hafukeki, visheti au kashata, hivyo hata ukipika jana havikuaibishi. Vitumbua ni vitamu vikiwa vya moto, mpaka mapumziko ya saa nne vimeshakauka. Kashata za karanga waambie wauzaji ni za karanga, kuna watoto zinawadhuru.

Za dukani sizibezi, mama anayefunga genge saa tatu usiku umwambie akande unga saa ngapi? Tatizo mtoto anajua bei ya Mangi, biskuti uliyonunua mia tano hanunui mia saba, kwa hiyo madawati hayapati kitu. Na kuzitoa kwenye pakiti uzipange kwenye sahani useme umepika mwenyewe, shoga, watoto wanazijua hadi kwa harufu.

Mwaka huu nimeungana na jirani yangu asiye na muda, yeye katoa ngano, sukari na mafuta, mi nikatoa mkaa na mikono, tukapiga hesabu ya kila kitu ndo tukapanga mia mbili mbili. Hafukeki ndoo nzima, ikarudi tupu kabla ya saa sita. Biskuti zangu za mwaka jana bado zipo kabatini, zile nilizorudi nazo mwenyewe.